Tona mpya imejazwa, ukurasa umetoka mweusi, lakini herufi zinafutika kwa kidole

"Printa yangu ya leza ilipoishiwa, nilinunua chupa ya unga wa tona nikajaza katriji mwenyewe. Karatasi zinatoka nyeusi vizuri, ila nikipitisha kidole herufi zinafutika na kidole kinabaki cheusi. Niliziacha usiku kucha zikauke, hazikukauka. Nikapiga pasi ukurasa mmoja: herufi nyingi zikashika, nyingine zikahamia kwenye pasi. Rafiki yangu anasema unga huu ni masizi tu yaliyosagwa na kwamba unaharibu mapafu, nami wakati wa kujaza ulinimwagikia mezani. Isitoshe, nina kopi za vyeti nilizozitunza kwenye vifuko vya plastiki, sasa nazo zinanitia wasiwasi. Je, tona niliyonunua ni mbovu, au printa ndiyo imekufa? Na hiyo pasi, naweza kuendelea nayo?"

Pole kwa usumbufu, na asante kwa kueleza kila ulichojaribu. Nitaanza na pasi, kwa sababu jaribio hilo limekwisha kujibu nusu ya swali lako. Herufi zilishika zilipopata joto. Maana yake unga uliomo kwenye katriji unaweza kuyeyuka na kung'ang'ania karatasi kama tona yoyote. Kilichokosekana ni joto la kuutosha pale ukurasa unapopita ndani ya mashine. Ama unga huo unadai joto kuliko printa yako inavyotoa, ama printa inatoa pungufu ya inavyopaswa, ama karatasi yenyewe inalila joto hilo kabla halijaufikia unga. Tutaona jinsi ya kutofautisha hali hizo.

Kwanza tuliondoe wazo la kukausha. Wino wa printa ya wino hukauka kwa sababu una maji au kimiminika kingine kinachoondoka. Tona haina maji yoyote. Ni unga mkavu tangu kiwandani, na ukiuacha juu ya karatasi mwaka mzima bila joto utabaki unga. Rafiki yako naye ameshika ukweli kidogo tu. Weusi wa tona hutokana na kaboni nyeusi, ambayo kweli ni ndugu wa masizi, lakini kwa kawaida hiyo haizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa unga. Sehemu kubwa ni plastiki. Humo mna pia nta kidogo, kemikali kidogo za kurekebisha chaji ya umeme, ile inayoupeleka unga mahali pa herufi, na juu ya kila punje kumepakwa chembe ndogo mno za silika, madini ya jamii ya mchanga, ili unga utiririke bila kugandamana. Katika aina fulani za tona nyeusi, zile zinazovutwa kwa sumaku ndani ya katriji, karibu nusu ya uzito huwa ni oksidi ya chuma. Hata huko kinachobandika herufi kwenye karatasi ni plastiki.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mvumbuzi Mmarekani Chester Carlson alipofanikiwa kunakili maandishi kwa umemetuli, tarehe 22 Oktoba 1938 huko Astoria, New York, alitumia unga wa spora, yaani chembe za uzazi, za mmea uitwao likopodiamu. Unga huo hauyeyuki. Alichofanya ni kuubonyezea karatasi yenye nta kisha kuipasha moto, nta ndiyo ikaushika. Baadaye watafiti waliuhamisha unato kutoka kwenye karatasi wakauweka ndani ya unga wenyewe, na hapo ndipo karatasi ya kawaida ilipoweza kutumika. Tangu siku hizo kemia ya tona imekuwa kemia ya plastiki inayokubali kuyeyuka upesi lakini isiyoyeyuka kabla ya wakati wake.

Plastiki ni polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli ndogo zilizoungana. Hii ya tona mara nyingi ni kopolima (mnyororo wenye molekuli za aina zaidi ya moja) ya stirini na akrilati, au ni poliesta. Tuichukue ile ya kwanza, maana inaonyesha vizuri namna wakemia wanavyopanga mambo. Polima ya stirini pekee ni ngumu na yenye kukatika kama kioo, na huanza kulegea karibu na nyuzijoto 100 za Selsiasi. Polima ya akrilati ya butili pekee ni laini mno. Hulegea kwenye baridi kali, karibu nyuzi 54 chini ya sifuri, kwa hiyo katika chumba cha kawaida ni kitu cha kunata. Ukiziunganisha katika mnyororo mmoja, takriban sehemu nne za stirini kwa sehemu moja ya akrilati, unapata plastiki inayoanza kulegea kwenye nyuzi 50 na ushei. Ongeza stirini, kiwango kinapanda. Ongeza akrilati, kinashuka. Tona nyingi hupangwa zianze kulegea kati ya nyuzi 50 na 65, nao ni ukingo mwembamba kuutembea. Ukishuka chini ya hapo, unga utaganda ukiwa bado ghalani au ndani ya gari lililoachwa juani. Ukipanda juu ya hapo, mashine italazimika kula umeme mwingi na kusubiri muda mrefu ipate moto.

Lakini kulegea si kuyeyuka. Barafu ina kiwango kimoja: ikifika sifuri inakuwa maji. Tona hufanana na lami ya barabarani, ambayo jua likizidi hulainika, joto likiendelea hunata, na ikipikwa ndipo inatiririka. Ili herufi ishike, punje za unga zinapaswa kutiririka kiasi cha kuungana zenyewe kwa zenyewe na kupenya kwenye nyuzi za karatasi. Kwa sababu hiyo fyuza, yaani ile jozi ya rola inayobana ukurasa mwishoni mwa safari yake, hupashwa moto kwa kawaida kati ya nyuzi 150 na 200 hivi, juu sana ya pale plastiki inapoanza kulegea.

Sasa fikiria muda wenyewe. Printa inayotoa kurasa 20 kwa dakika husukuma karatasi kiasi cha sentimita 10 kwa sekunde. Eneo ambapo rola mbili zinagusana lina upana wa milimita chache tu. Likiwa milimita 5, kila herufi hukaa ndani ya joto kwa sekunde 0.05. Ndani ya muda huo punje yenye kipenyo cha maikromita 5 hadi 10, ambayo unywele wa kichwani unaizidi unene mara nyingi, lazima ipate joto, ilegee, itandazwe na mgandamizo wa rola, ishike karatasi, kisha iachane na rola bila kubaki juu yake. Mimi huona jambo hili kuwa mojawapo ya kazi nzuri za kemia ya polima, na linaeleza kwa nini unga wa printa moja hauwezi kudhaniwa kufaa printa nyingine kwa sababu tu tona zote mbili ni nyeusi.

Hiyo ya kuachana na rola ndiyo iliyokushinda kwenye pasi. Minyororo ya polima ikiwa mifupi, hutiririka kwa wepesi na kupenya karatasi, lakini haishikani yenyewe kwa yenyewe. Ikiwa mirefu, husukana, na msukano huo huipa plastiki iliyoyeyuka mnyumbuko: ukiivuta, inavutika pamoja badala ya kukatika katikati. Watengenezaji huchanganya mifupi na mirefu makusudi. Joto likiwa la kiasi, mifupi inabandika na mirefu inaushikilia ujiuji wote pamoja, hivyo herufi nzima inaondoka na karatasi. Joto likizidi au likidumu sana, hata msukano wa mirefu hulegea, plastiki hukatika katikati, nusu ikabaki kwenye karatasi na nusu ikapanda juu ya chuma. Pasi yako ilikaa juu ya ukurasa kwa sekunde nzima au zaidi, si sehemu ya ishirini ya sekunde. Tena rola ya fyuza ina ngozi ya plastiki yenye florini isiyoshikwa na kitu, na nta iliyomo kwenye tona hujitokeza juu wakati wa kuyeyuka ili kulainisha kuachana huko. Si kila pasi ina ngozi ya namna hiyo.

Kwa hiyo, pasi si njia ya kuendelea nayo. Ukibanwa na ukurasa mmoja wa lazima, weka juu yake karatasi ya kuokea, ile yenye silikoni, zima mvuke, tumia joto la wastani, bonyeza bila kusugua, kisha uache ukurasa upoe kabisa kabla ya kubandua. Herufi zitang'aa kuliko kawaida na pengine zitapanuka kidogo, lakini zitashika. Kwa kazi ya kila siku inakupotezea muda bure, na pasi iliyoshika tona itaihamishia kwenye nguo.

Je, tona ni mbovu? Huenda ni nzuri kabisa, ila imetengenezewa mashine nyingine. Mashine kubwa ya ofisi ina fyuza yenye joto na mgandamizo tofauti na printa ndogo ya mezani, na unga wa kila moja hupangwa kulingana na hayo. Poliesta kwa kawaida huyeyuka kwa ghafla zaidi, na hushika kwa joto la chini kuliko kopolima nyingi za stirini. Ndiyo maana imeenea kwenye mashine za rangi na zile za kubana umeme. Mashine iliyopangiwa tona inayoshika kwa joto la chini, ikipewa inayodai joto la juu, itafanya hasa unachokieleza: ukurasa mzuri machoni, unga mtupu chini ya kidole. Chupa iliyoandikwa kwamba inafaa "printa zote" ningeiacha dukani. Hata chaji za umeme hazifanani. Mashine nyingi za leza hutumia tona yenye chaji hasi, nyingine chanya, na unga wa chaji isiyo yake hauendi panapotakiwa. Kwa kuwa ukurasa wako unatoka mweusi vizuri, chaji si tatizo lako kubwa, ila angalia sehemu nyeupe za ukurasa. Zikiwa na kivuli cha kijivu, yawezekana unga mpya umechanganyika na mabaki ya ule wa zamani, nazo punje za aina mbili zikisuguana hupeana chaji zisizo sahihi. Ukijaza tena, mabaki ya zamani yaondoke yote kwanza.

Kabla hujaulaumu unga, hata hivyo, chunguza karatasi, kwa sababu hili watu wengi hulipita. Karatasi ya A4 ya kawaida, ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ina uzito wa karibu gramu 5. Kuipasha ikiwa kavu kwa nyuzi 80 zaidi kunahitaji takriban jouli 550. Ikiwa imenyonya unyevu hadi asilimia 10, imebeba nusu gramu ya maji, na kuyageuza maji hayo yote kuwa mvuke kungehitaji kama jouli 1,100. Si yote yanayovukizwa katika muda mfupi ule, lakini unaona ni nani anayekula joto lililokusudiwa kwa tona. Fungua pakiti mpya ya karatasi, chapisha mara moja, ulinganishe. Kisha ingia kwenye mipangilio ya printa, mahali pa aina ya karatasi. Ukichagua karatasi nene, printa nyingi hupunguza mwendo, hupandisha joto, au hufanya yote mawili. Herufi zikianza kushika kwa mpangilio huo, umeipata njia ya kuimaliza chupa uliyonayo bila pasi.

Ikiwa bado zinafutika, fanya uchunguzi wa karibu. Chapisha ukurasa wenye mraba mweusi uliojaa kila pembe na mwingine katikati, uache upoe, halafu kunja karatasi katikati ya kila mraba, uikunjue, na ufute mkunjo kwa pamba taratibu. Tona iliyoshika vyema huacha ufa mwembamba mweupe. Iliyoshika vibaya humwagika kwa vipande, na mkunjo unakuwa mstari mpana. Ikimwagika upande mmoja tu wa ukurasa na upande wa pili ikashika, unga hauna kosa: rola haibani sawasawa au heta, yaani kipasha joto cha fyuza, imechoka upande huo. Ikiwa ukurasa wa kwanza ni mbaya na wa kumi ni mzuri, fyuza inachelewa kupata moto. Ikiwa mambo ni kinyume, wa kwanza mzuri na wa kumi mbaya, fyuza inashindwa kurudisha joto linaloondoka na kila karatasi. Na kama kivuli cha herufi kinajirudia chini ya ukurasa kwa umbali ule ule kila mara, pima umbali huo kwa rula. Ukilingana na mzingo wa rola ya fyuza, tona imebaki juu ya rola na kurudi ilipozunguka tena.

Kipimo chenye uamuzi zaidi ni kurudisha katriji yenye tona iliyokusudiwa mashine yako, hata ya kuazima kutoka kwenye printa ya aina ileile, na kuchapisha kurasa chache kwenye karatasi kavu. Zikishika, tatizo ni chupa. Zisiposhika, tatizo ni fyuza, na hapo nakuomba usiifungue mwenyewe. Ina umeme wa ukutani na joto la kuunguza, na ngozi ya rola yake huharibika kwa mkwaruzo mdogo tu. Fundi wa printa ataangalia kipima joto kama kimefunikwa na tona, heta, springi za mgandamizo na ngozi yenyewe. Yeyote atakayekuambia adanganye kipima joto ili fyuza ichemke zaidi, mkatalie. Huo ni mwaliko wa moto ndani ya nyumba.

Nije kwenye mapafu. Plastiki ya tona haina sumu kali, na kumwagika mara moja mezani si jambo la kukunyima usingizi. Lakini ni vumbi laini, na vumbi laini halifai kuvutwa. Kaboni nyeusi ikiwa yenyewe imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la 2B, la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Ndani ya tona kwa sehemu kubwa imefungwa katika plastiki. Sekta hii iliwahi kupata funzo. Karibu mwaka 1980 watafiti waligundua kwamba kaboni nyeusi ya baadhi ya tona ilikuwa na uchafu uitwao nitropaireni, wenye kubadili vinasaba vya bakteria maabara, na utengenezaji wa kaboni hiyo ukarekebishwa kuupunguza. Kwa hiyo jaza mahali penye hewa, vaa barakoa na glavu, na usipulize unga kwa mdomo. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani: kichujio chake huzipitisha punje hizi na kuzirudisha hewani, na vumbi la plastiki likikutana na cheche linaweza kulipuka. Futa kwa kitambaa chenye maji baridi, na nawa mikono kwa maji baridi vilevile. Maji ya moto hulegeza plastiki ikabandika kwenye ngozi na nguo. Ikiwa una pumu, au umebaki na kikohozi au kifua kubana baada ya kumwaga unga, nenda hospitali ukaeleze ulichovuta, na kuanzia hapo kazi ya kujaza mpe mtu mwingine.

Kuhusu vyeti, wasiwasi wako una msingi, ingawa si kwa sababu ya tona mpya. Tona iliyoshikishwa vizuri hudumu sana. Kaboni haipauki kwa mwanga, na maji hayaiyeyushi plastiki yake. Adui wake mkubwa wa kabatini ni vifuko laini vya PVC, aina moja ya plastiki. PVC kwa asili ni ngumu. Hulainishwa kwa kutiwa plastisaiza, molekuli ndogo zenye mafuta ambazo hazijafungwa kwenye minyororo yake. Taratibu, kwa miezi na miaka, molekuli hizo huhamia kwenye chochote kinachogusana nazo, ikiwemo tona. Zikiingia kati ya minyororo ya polima huitenganisha, na kile kiwango cha kulegea kilichopangwa kwa uangalifu kinashuka hadi joto la chumba cha kawaida. Herufi zinanata bila moto wowote, na ukivuta karatasi zinabaki kwenye kifuko zikisomeka kinyume.

Toa vyeti vyako leo ukavikague. Kifuko laini chenye kunata vidoleni na harufu kali ya plastiki mpya kina uwezekano mkubwa wa kuwa PVC. Hamishia nyaraka kwenye vifuko vya polipropilini au poliesta, au ziweke kwenye bahasha za karatasi, na usizirundike chini ya vitu vizito mahali penye joto. Ukikuta ukurasa umekwisha kushikana na kifuko, usiuvute. Upige picha kwanza ukiwa ndani, kwa sababu maandishi bado yanaonekana kupitia plastiki. Ikiwa ni kopi tu, toa nyingine kutoka kwenye cheti halisi. Ikiwa ndiyo nakala pekee iliyobaki, kata kingo za kifuko bila kukitenganisha na karatasi na upeleke vyote pamoja kwa mhifadhi wa nyaraka. Maktaba kubwa na ofisi za kumbukumbu huwa na watu wa kazi hiyo. Asetoni na vimiminika vya kuondolea rangi ya kucha viweke mbali kabisa na ukurasa huo, maana huyeyusha plastiki ya tona na herufi zitaondoka nayo.